Bi Kidude Hakuimba Peke Yake

(Mhadhara uliotolewa Singida mjini mbele ya walimu, wanachuo, viongozi wa vikundi vya akina mama na wananchi wengine. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa. Maneno ya kando kwa wasikilizaji yameachwa kama yalivyosemwa.)

  Nilimwona mama mmoja hapo nje katika upepo huu akipambana na khanga yake iliyotaka kumwacha iende zake Ziwa Singidani, nikajiambia, huyu akifika salama ndani, nami nitajitahidi nisimrudishe nyumbani mikono mitupu.

Nimeombwa nizungumze juu ya filamu. Niseme mapema kwamba mimi si mtu wa filamu. Nimefundisha Kiswahili sekondari mpaka chaki ikaniingia kifuani, nikastaafu. Ninachowaletea ni maoni ya mtazamaji, tena mtazamaji wa kike, aliyekaa Singida akamtazama mwanamke wa Unguja.

Nikisema filamu ya muziki, najua wengi mnafikiria watu wanaoanza kuimba ghafla katikati ya mazungumzo. Mliokuwa vijana miaka ya tisini mtaikumbuka Sarafina! ya mwaka 1992, na yule binti wa Soweto aliyechezwa na Leleti Khumalo. Mtaikumbuka pia Neria ya Zimbabwe, yenye muziki wa Oliver Mtukudzi, ambamo mjane anaporwa mali na shemeji yake. (Naona vichwa vinatikisika. Hiyo ya Neria hapa kwetu haihitaji kutafsiriwa.) Leo sizungumzii hizo. Nazungumzia filamu ya maisha ya kweli iliyotoka mwaka 2006, ikaongozwa na Mwingereza Andy Jones, juu ya Fatuma binti Baraka, ambaye dunia inamjua kwa jina la Bi Kidude. Kwa Kiingereza inaitwa As Old as My Tongue, maana yake kwamba umri wangu ni sawa na wa ulimi wangu.

Niliitazama mara mbili. Mara ya kwanza peke yangu, kwenye kompyuta ya mpwa wangu. Mara ya pili tuliitandikia shuka jeupe ukutani, nyumbani kwangu, na kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Waume wawili waliokuja kutusaidia jenereta walibaki nje dirishani, wakidai wanasikiliza mlio wa injini. Tofauti ya mara hizo mbili ndiyo iliyozaa mhadhara huu. Nilipokuwa peke yangu nilimwona mwanamke mmoja wa ajabu. Nilipokuwa na wenzangu nilisikia wanawake wakimjibu.

Kusudi langu basi ni hili. Nataka kuonyesha kwamba filamu hii ilikwenda kumtafuta mwanamke mmoja asiyefanana na wengine, ikampata, na ikampiga picha vizuri sana. Lakini nyuma yake, mara nyingi pembeni ya picha, kulikuwa na chuo kizima cha wanawake, na chuo hicho hakikuulizwa maswali ya kutosha. Ninazo hoja nne. Hazilingani kwa urefu, wala sitajaribu kuzilinganisha.

Hoja ya kwanza ni ya umri.

Filamu inashughulishwa mno na swali la miaka. Ana tisini? Ana mia? Amezidi? Hata jina lake ni jibu la swali hilo. Na tukiwa wakweli, jina lenyewe limevaa nguo za wenyewe: Waingereza wana msemo wao wa zamani wa kumjibu mtu anayeuliza umri usiotaka kuutaja, na Jonathan Swift aliuingiza katika kitabu chake cha mazungumzo mwaka 1738. Kwa hiyo mtazamaji wa London anapolisoma jina hilo anamwona bibi mcheshi wa aina anayoijua. Mtazamaji wa Singida halioni hilo. Sisi tunaona bibi aliyezaliwa Mfagimaringo, kwa baba muuza nazi, wakati ambapo binti wa muuza nazi hakuandikwa popote.

Bi Kidude alifariki tarehe 17 Aprili 2013, na magazeti mengi yakaandika kuwa alikuwa na zaidi ya miaka 100. Cheti hakikuwapo. Lakini jamani, ni bibi zetu wangapi humu walio na cheti? Mama yangu alijua umri wangu kwa njaa na umri wa mdogo wangu kwa Operesheni Vijiji, nyumba zilipobomolewa tukahamishiwa barabarani. Hiyo nayo ni kalenda. Anayeuliza kwa nini bibi hajui mwaka wake angeanza kumuuliza mwandishi wa serikali kwa nini hakufika. Filamu ilipokaribia swali hilo, ikacheka na bibi, ikaendelea. Nami nilicheka. Ni baadaye, nikiosha vyombo, ndipo nilipoona kwamba tumepitishwa mlangoni bila kuingia.

Nisikae hapo. Hoja ya pili ni ya kutoroka.

Kwa masimulizi yake mwenyewe, Bi Kidude aliozwa akiwa binti wa miaka kama 13, bila hiari yake. Akaikimbia ndoa hiyo, akavuka kuja bara, akazunguka na vikundi vya taarabu, na anasimulia safari za kutembea pekupeku. Baadaye sana, miaka ya arobaini, alirudi Unguja akaishi kwa sauti yake, ngoma yake, dawa zake za miti, wanja na hina. Hakuzaa. Alivuta sigara mbele za watu, na bia hakuificha. Aliimba kichwa wazi, wakati ambapo wakubwa wake katika fani hiyo walijifunika.

Haya yote filamu inayapenda, na mimi nayapenda. Sigara mkononi mwa bibi wa namna ile ni picha inayobaki machoni. Lakini wanawake wa kikundi chetu hawakuuliza juu ya sigara. Waliuliza: alipokimbia, alifikia kwa nani?

Hilo ndilo swali la mwanamke anayejua maana ya kukimbia. Binti wa miaka 13 haendi porini akaishi kwa ushujaa. Kuna aliyemfungulia mlango, aliyempa mkeka, aliyemwambia kaa hapa ulime nasi, au imba nasi. Nikiiangalia kazi aliyoishika maisha yake yote, naona jibu: alifikia kwa wanawake wenye ngoma. Ngoma ilikuwa kazi, na kazi ilikuwa nyumba. Tukimwita mwasi tunasema kweli nusu, maana hata mwasi hulala mahali.

Na msidhani mambo ya binti wa miaka 13 ni ya enzi za sultani. Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 13, iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya mzazi, huku mvulana akisubiri 18. Rebeca Gyumi alikwenda Mahakama Kuu kuipinga, akashinda mwaka 2016. Serikali ikakata rufaa, na Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikamwachia ushindi wake. Mwanasheria mmoja ameniomba nisiingie zaidi hapo kwa sababu nitakosea istilahi. Nimemsikia. Nasema tu kwamba Bi Kidude aliamua kesi hiyo kwa miguu yake, karibu miaka 90 kabla ya mahakama.

Hoja ya tatu ndiyo kubwa, na ndiyo iliyonifanya nikubali kusimama hapa. Ni ya unyago.

Katika filamu mnamwona na ngoma ya msondo. Ni ndefu. Ameifunga kiunoni kwa khanga, imekaa katikati ya miguu yake, naye amesimama akiipiga kwa viganja. Mwili ule mdogo, ngoma ile kubwa. Mtazamaji mgeni anaona ujasiri na labda anaona kitu cha kumfanya ashushe macho. Lakini mama mmoja wa Manyoni, Mgogo, alipoiona picha hiyo kwenye shuka alipiga kofi akasema: "Kumbe huyu ni wa kwetu!"

Naomba mlielewe kofi lile. Wagogo wa Manyoni, kama wenzao wa Dodoma, wana ngoma iitwayo muheme, na muheme hupigwa na wanawake. Ngoma hukaa katikati ya mapaja, viganja vinashuka, miguu inakanyaga. Si wanawake wanaowachezea wanaume wapiga ngoma; wapiga ngoma ndio wao. Yule mama hakuona jambo la ajabu kutoka kisiwani. Aliona mkao anaoujua.

Na ana haki. Unyago wa Unguja haukuota baharini. Uliingia visiwani na watu wa bara, Wayao, Wanyasa, Wamakonde, Wazaramo na wengine, wengi wao wakiwa watumwa. Wanawake walivuliwa majina na koo zao, lakini ngoma walivuka nayo, maana mdundo haupekuliwi forodhani. Hapa kwetu, njia ya misafara kutoka pwani kwenda Unyanyembe ilipita Ugogo ikaingia Mgunda Mkali, lile pori la Manyoni na Itigi ambalo wapagazi waliliogopa kwa kiu yake. Waliopita humo walibeba pembe, vitambaa na nyimbo. Pembe zimeandikwa katika vitabu vya wafanyabiashara. Nyimbo hakuzihesabu mtu.

Sasa unyago hufundisha nini? Hufundisha mwili. Mwali huambiwa juu ya hedhi, usafi, tendo la ndoa, mimba, namna ya kuishi na mkwe, namna ya kumjua mwanaume mwongo. Hufundishwa kwa wimbo, kwa kuchezesha kiuno, kwa mafumbo ambayo ukiyatafsiri neno kwa neno utakamatwa na askari. Na mwalimu hapewi cheo kwa kuzaa wala kwa kuolewa vizuri. Bi Kidude hakuwa na mtoto wa tumbo, lakini wali aliowafunda hawana idadi. Katika jamii iliyompima mwanamke kwa watoto, hapo palikuwa mahali pa pekee alipopimwa kwa alichokijua.

Hapo ndipo ninapouona ufeministi wa filamu hii, kama tunataka kulitumia neno hilo, na mimi silikimbii. Wengine huudhani ni mwanamke kuvuta sigara hadharani. Mimi nauona katika chumba ambacho wanawake wana elimu yao, walimu wao, mitihani yao na lugha yao, bila kuomba ruhusa ya mtu. Filamu ilituingiza chumbani humo, na kwa hilo naishukuru. Lakini iliingia kama mgeni wa arusi: ilipiga picha viuno, ikasahau kuuliza mtaala.

Pana jambo la maandishi ya chini. Bi Kidude anaongea Kiswahili, na chini kunapita Kiingereza. Tulipokuwa kwenye shuka, wanawake walicheka kabla maandishi hayajatokea, na mara nyingine walicheka mahali ambapo maandishi hayakuwa na kichekesho chochote. Fumbo lilikuwa limepita chini ya daraja. Siwalaumu watafsiri, mimi mwenyewe nimewahi kumsahihishia mwanafunzi fumbo nikalivunja. Nasema tu kwamba kuna filamu mbili humo, moja ya macho na moja ya masikio, na hii ya pili ni yetu.

Pana pia jambo gumu zaidi. Mahali ambapo mwanaume haruhusiwi kuingia, kamera ya mwanaume imefanya nini? Bi Kidude mwenyewe aliupandisha unyago jukwaani, katika matamasha, mbele ya watalii na waume za watu. Wapo wanaosema aliiuza siri. Wapo wanaosema aliiokoa, maana siri isiyofundishwa hufa na mwenyewe. Mimi niko katikati, na si kwa uoga. Nadhani alitoa mdundo akabakiza maneno. Mtu anaweza kumtazama saa nzima akidhani ameona unyago, kumbe ameona mlango umepakwa rangi nzuri.

Na sasa, mama zangu, mnisamehe nikigusa kidonda. Hatuwezi kuusifia unyago humu Singida kana kwamba ngoma zote zilikuwa salama. Unyago wa Unguja hauna wembe. Huku kwetu wasichana wengi walichezewa ngoma ili walie na sauti isisikike. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulikuta takriban asilimia 31 ya wanawake wa mkoa huu wenye umri wa kuzaa wamekeketwa. Ule wa 2022 ulikuta karibu asilimia 20. Imeshuka, ndiyo. Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya 1998 ilishaharamisha kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18, na matokeo yake mengine mnayajua: wengine wakahamishia jambo hilo kwa watoto wachanga, usiku, bila ngoma kabisa. Angalieni kilichotokea hapo. Ngoma imekufa, wembe umebaki.

(Kuna baba ameguna. Ndiyo, baba, hata mimi niligunia jambo hilo mara ya kwanza niliposimuliwa.)

Wala unyago wenyewe si malaika. Mafunzo mengi ya chumbani yanamwambia mwali avumilie, anyamaze, asimwambie mama yake. Somo huyo huyo anayemfundisha binti kuujua mwili wake anaweza kumfundisha pia kuukabidhi. Filamu haikuligusa hilo, labda kwa heshima, labda kwa kuwa haikuendana na bibi mwasi waliyemtaka. Ningependa kusikia Bi Kidude, aliyeikimbia ndoa yake mwenyewe, akiulizwa: wewe uliyekimbia, unawafundisha wenzio kukaa? Nadhani angecheka kwanza. Halafu angejibu kitu kizito.

Hoja ya nne ni ya ukoo wa sauti, na ya nani huandika.

Bi Kidude alisema mara nyingi kwamba alijifunza kwa kumsikiliza Siti binti Saad, na nyimbo nyingi alizoziimba zilitoka huko. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880, katika familia iliyokuwa ya watumwa. Alifinyanga vyungu akaviuza mjini, na wanasema akiviuza watu walinunua sauti kwanza. Taarabu ilikuwa muziki wa ikulu, ukiimbwa Kiarabu. Yeye akaiimba Kiswahili, ikashuka mitaani. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodiwa sahani za santuri, na hakuna mwanamke wa Afrika Mashariki aliyemtangulia. Katika nyimbo zake aliwasema mahakimu na wakubwa. Wimbo wake wa Kijiti, juu ya mwanamke aliyeuawa na haki isipatikane, ulikuwa gazeti kabla akina mama hawajajua kusoma magazeti. Ndiyo maana chama cha wanahabari wanawake, TAMWA, kilipoanzisha jarida lake kikaliita Sauti ya Siti.

Siti aliandikiwa kitabu. Aliyeandika ni Shaaban Robert, na Wasifu wa Siti binti Saad ni mojawapo ya vitabu nilivyopenda kuvifundisha. Bi Kidude aliigiziwa filamu, samahani, alipigwa filamu, na aliyepiga ni Andy Jones. Mwaka 2015, bibi akiwa amekwisha kufa, akatoa nyingine, I Shot Bi Kidude, juu ya miaka ya mwisho. Wanaume wawili wenye mapenzi mema, kalamu na kamera. Nawapa heshima zao. Lakini Shaaban Robert alimtafuta Siti wa maadili, mwanamke mwenye tabia njema licha ya maneno ya watu, na Jones alimtafuta Kidude wa maajabu. Kila mmoja alipata alichokitafuta. Kati ya maadili na maajabu kuna kazi: kukaa nje ya mlango usiku ukisikiliza, kukariri, kukosea, kusahihishwa na mwanamke mkali, kununua ngozi ya ngoma, kuikausha motoni. Kazi hiyo sijaiona katika kitabu wala filamu. Shakila Saidi wa Pangani aliifanya. Khadija Kopa ameifanya. Hawakuzaliwa wakiimba.

Hata kuhusu pesa nina neno, ila fupi. Sheria yetu ya Hakimiliki ya 1999 inamtambua mtunzi na mtendaji. Wimbo wa unyago uliotungwa na wanawake hamsini katika miaka mia mbili ni wa nani? Anayepeleka picha yake Ulaya anamlipa nani? Jambo hili tuwaachie wanasheria, lakini tusiwaachie kwa muda mrefu.

Sasa nirudi nyumbani, maana sikuwaita kutoka Mkalama na Itigi mje kusikiliza habari za Unguja peke yake.

Katika mkoa huu kuna mambo ambayo yangemfanya mtengeneza filamu yeyote asilale. Peter Rigby, aliyewachunguza Wagogo miaka ya sitini, aliandika kwamba mifugo ilipopatwa na maradhi, au balaa lilipoingia, wanawake walivaa nguo za wanaume, wakashika fimbo na mikuki, wakachunga ng'ombe wao wenyewe, kisha wakacheza kwa nguvu mpaka wakaupeleka uchafu wa balaa hilo nje ya mipaka ya nchi yao. Waume walikaa nyumbani. Hebu fikirini picha hiyo, vijana wa kamera. Kwa Wanyaturu wanawake walikuwa na imaa, ngoma yao isiyoingiwa na mwanaume, na ninaowaona hapa mbele wanaojua zaidi ya hapo wamekaza midomo, nami sitawafungua kwa nguvu.

Halafu kuna Liti. Kila Jumamosi vijana wetu wanakwenda uwanjani Liti kutazama mpira. Nimewauliza wanafunzi wa hapa mjini Liti ni nani. Mmoja akanijibu ni beki wa zamani. Liti Kidanka ni mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwaongoza watu wake kuwapinga Wajerumani mwanzoni mwa karne ya 20, na masimulizi yanasema nyuki ndio walikuwa jeshi lake. Marguerite Jellicoe, aliyefanya utafiti Unyaturu miaka ya 1960, aliandika juu ya upinzani huo. Tunajulikana nchi nzima kwa asali, na bado hatujamtengenezea mwanamke wa nyuki filamu hata ya dakika kumi.

Nikiambiwa leo nitengeneze filamu ya Liti, nitaifanya ya muziki. Kwanza, kwa kuwa alichobaki nacho ni midomo ya watu, na midomo hukumbuka vizuri ikiimba. Pili, kwa kuwa sitaki Liti wa ajabu aliyeshuka peke yake kutoka mbinguni na mzinga mkononi. Nitataka wanawake waliomlisha, waliobeba habari usiku kutoka boma hadi boma, waliopiga vigelegele vya hatari. Nitataka waimbe pamoja, na sauti yake isikike ndani ya sauti zao. Bi Kidude amenifundisha hilo, ingawa filamu yake haikukusudia.

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nimalizie kwa tulichokianza.

Baada ya usiku ule wa shuka, wasichana watatu wa kidato cha tano walinijia wakataka tuanze kurekodi nyimbo za bibi zao kwa simu. Hatuna projekta wala kamera, simu mbili zina kioo kilichopasuka. Tumepanga kuanza na muheme wa Manyoni likizo ya Desemba, kabla mvua hazijaharibu barabara, kisha tuje Ikungi na Iramba. Wenye ushauri, wenye memori kadi, na hasa wenye bibi, naomba mwonane nami hapo nje.

Nilikwenda mwenyewe kumwomba ruhusa yule mama wa Manyoni aliyepiga kofi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaninywesha uji. Kisha akatoa masharti. Sauti ndiyo, picha hapana. Wasichana watajifunza kupiga kwanza, ndipo washike simu. Nyimbo tatu za chumbani hazitarekodiwa; hizo watakariri. Na simu yenye sauti zake, alisema, kila usiku italala kwake, chini ya mto, mpaka amjue vizuri kila msichana na mama yake ni nani.

Nimekubali masharti yote.  Sasa karibuni maswali, tuanze na akina mama.